Kuzuia Kichaa cha Mbwa Kisienee Ndani ya Mabanda ya Karantini: Mwongozo Kamili

Banda la karantini hukusanya chini ya paa moja wanyama ambao kila mmoja wao ana shaka juu yake. Huyu kauma mtoto wa jirani, yule kaumwa na mbwa asiyejulikana, wa tatu anasubiri kibali cha kusafiri. Banda likijengwa ovyo au likiendeshwa kwa mazoea, wa tatu anaweza kuondoka na virusi vya wa pili huku cheti chake kikisema ni mzima.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1969 huko Camberley, kusini mwa Uingereza, mbwa aliyeletwa kutoka Ujerumani alimaliza miezi 6 ya karantini, akarudi nyumbani, na muda mfupi baadaye akaonyesha kichaa. Mwaka uliofuata ikatokea tena Newmarket, safari hii kwa mbwa aliyetoka Pakistan, naye alikuwa amemaliza muda wake. Swali likazuka: je, waliingia na ugonjwa uliojificha muda mrefu kuliko kawaida, au waliupata humo humo karantini? Waingereza waliziba njia zote mbili, wakasisitiza chanjo mnyama anapoingia na vizuizi imara kati ya banda na banda. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo, kwa mazingira ya Tanzania na Kenya, ambako kichaa bado kiko mitaani: vituo vya halmashauri na kaunti, kliniki zenye mabanda, na makazi ya wanyama waliookotwa.

Kinachozuiwa ni mdomo

Virusi vya kichaa hutoka kwenye mate. Huingia kwa kung'atwa, kwa mkwaruzo wenye mate, au mate yakigusa kidonda kibichi, macho, pua au ndani ya mdomo. Mkojo na kinyesi haviambukizi, wala nzi na mbu. Nje ya mwili virusi hivi ni dhaifu: sabuni huviua, jua huviua, kukauka huviua, klorini na spiriti ya asilimia 70 huviua.

Kwa hiyo kila ukuta, mlango na bakuli viulizwe swali moja: mdomo wa huyu unaweza kumfikia yule? Vituo vingi hununua dawa za kunyunyizia kwa madumu, na bado mbwa wawili wametenganishwa kwa wavu mmoja wanaoulambia na kuung'ata kutoka pande zote mbili. Pesa zikiwa chache, jenga ukuta kwanza. Sabuni ya kufulia itatosha kwa mengine.

Jambo la pili ni muda. Baada ya kuingia, virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa mbwa wengi dalili huja kati ya wiki ya 3 na ya 8, lakini wengine huchukua miezi. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huhesabu kipindi hicho kuwa miezi 6. Katika muda mwingi wa safari hiyo mate ni salama. Virusi huanza kutokea kwenye mate siku chache kabla ya dalili, na hesabu inayotumika ya usalama ni siku 10. Maana yake ni kwamba mbwa anayekula vizuri na kutikisa mkia anaweza kuwa na mate yenye virusi. Usimpangie mtu kazi kwa kutazama sura ya mbwa.

Wagawe makundi manne kabla hawajafika

Kosa la kwanza hutokea getini: kila anayeletwa huwekwa kwenye banda lililo wazi. Amua kundi lake kwanza, ndipo uamue banda.

Kundi la kwanza ni wasafiri: wenye afya, kadi ya chanjo inayosomeka, hawajaumwa na mnyama yeyote. Hawa hukaa upande wa mbali kabisa na wengine.

Kundi la pili ni mbwa au paka asiye na dalili aliyemuuma mtu. Huangaliwa siku 10, na siku ya kuuma huhesabiwa kuwa siku 0. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile, atakuwa ameugua au amekufa kabla siku hizo hazijaisha. Usimchanje kichaa ndani ya siku hizo 10. Chanjo inaweza kumletea homa au unyonge, na utashindwa kujua ni chanjo au ni ugonjwa. Chanja siku ya kumtoa.

Kundi la tatu, ambalo ndilo gumu, ni mnyama aliyeumwa na mnyama anayeshukiwa. Kama hajawahi kuchanjwa, ushauri mkali ni kumuua kwa sindano bila mateso. Mwenyewe akikataa na sheria ikiruhusu, achanjwe mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 96 tangu aumwe, kisha afungiwe karantini kali. Miongozo ya Marekani inataka miezi 4 kwa mbwa na paka. Daktari wa mifugo wa serikali akitaka miezi 6, hiyo ndiyo hesabu yako. Aliyekuwa na chanjo ambayo muda wake haujaisha hupewa chanjo ya nyongeza papo hapo na kuangaliwa siku 45, hata nyumbani kwa mwenyewe kama mamlaka imekubali. Kadi isiyo na tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo na sahihi ihesabiwe kuwa haipo, hata mwenye mbwa aape.

Kundi la nne ni mwenye dalili. Huyu haletwi kwenye karantini kukaa. Huletwa, ikibidi, kwenye banda moja la kutengwa kabisa akisubiri uamuzi wa daktari ndani ya saa chache. Kama hujajenga banda la namna hiyo, usimpokee. Mwite daktari aende alipo.

Watoto wa mbwa wa tumbo moja wanaweza kukaa pamoja, lakini andika kwenye rejesta kwamba wao ni kitu kimoja. Mmoja akiugua, wote wameguswa.

Jengo

Kuta kati ya banda na banda ziwe za matofali ya saruji zilizopigwa plasta laini pande zote, urefu usiopungua mita 1.8, bila tundu. Juu ya ukuta hadi kwenye paa weka wavu wa chuma uliochomelewa, maana mbwa mwenye hofu huruka mita mbili bila kujiandaa, na paka hupanda popote. Wavu huo pia huzuia paka wa mtaani na nguchiro kuingia usiku. Nguchiro na mbweha hupata kichaa na huweza kukileta hadi ndani.

Mbele ya banda hapawezi kuwa ukuta kwa sababu unahitaji kuona na hewa inahitaji kupita. Weka wavu wa nyaya nene, angalau milimita 3, wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Wavu wa matundu ya sentimita 5 unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi hupitisha pua ya mtoto wa mbwa na ukucha wa mbwa mkubwa. Wavu wa kuku hautumiki kabisa. Mbwa aliyepandwa na kichaa huukata kwa meno. Sehemu ya chini ya mlango, sentimita 60 hivi, iwe bamba la chuma, ili pua isifike mguuni kwa anayepita. Ushoroba uwe na upana wa mita 1.5 au zaidi, na mabanda yasitazamane. Yakitazamana, mbwa hujirusha mlangoni kutwa nzima na mate hutapakaa ushorobani.

Sakafu iwe ya zege iliyosuguliwa, yenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, maji yakielekea nyuma. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: huchimba mfereji mmoja wazi unaopita chini ya kuta zote, na tundu yanamopita maji huwa kubwa kiasi cha mbwa wawili kukutanisha pua. Kila banda liwe na bomba lake la kutolea maji lenye chujio la chuma lililofungwa kwa skrubu, na mabomba yakutane nje kwenye shimo lililofunikwa.

Gawa kila banda vyumba viwili, cha kulala na cha kuchezea, kwa mlango wa bamba unaopanda na kushuka kwenye reli zake. Kamba ya kuuvuta ipitie kwenye kapi na kuishia ushorobani. Mhudumu humfungia mbwa upande mmoja akiwa amesimama nje, kisha huingia upande wa pili kufagia. Kifaa hiki huokoa mikono ya watu kuliko glovu zozote. Jaribu kila wiki kama bamba linashuka hadi chini, kwa sababu reli hujaa manyoya na kutu, na bamba likibaki juu kwa sentimita kumi mbwa ataingiza kichwa.

Bakuli lipite kwenye kidirisha cha chini chenye kifuniko cha kuteleza, bila mkono kuingia ndani. Chora namba ya banda kwenye bakuli kwa rangi ya mafuta.

Mlango wa jengo uwe wa hatua mbili: unaingia kwenye chumba kidogo, unafunga nyuma yako, ndipo unafungua wa ndani. Nje zungusha uzio wa mita 2 ambao wavu wake umefukiwa sentimita 30 hadi 50 ardhini, ukiwa umbali wa mita kadhaa kutoka kuta za mabanda. Bila nafasi hiyo, mbwa wa mtaani watakuja kupigana na wa kwako kupitia waya, hasa kukiwa na jike mwenye joto.

Banda la kutengwa liwe jengo la peke yake au mwisho kabisa wa mstari, lenye mlango wake wa nje, ndoo yake, fagio lake na kufuli lake. Ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina kila zamu.

Watu kwanza wachanjwe wao

Mhudumu asiyechanjwa kichaa asiingie ushorobani. Chanjo ya kinga kwa anayefanya kazi hii ni safari mbili za hospitali, siku 0 na siku ya 7, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa 2018. Anayekinga watumishi wake hivi hupunguza pia gharama baadaye: aliyekwisha chanjwa akiumwa hahitaji seramu ya kinga, ile dawa adimu inayodungwa kwenye kidonda, anahitaji nyongeza tu. Mlinzi wa usiku naye ahesabiwe. Mara nyingi ndiye anayefungua banda saa nane za usiku kuona kwa nini mbwa analia, na ndiye asiyekuwa kwenye orodha ya chanjo.

Vifaa ni gambuti, aproni ndefu ya plastiki, glovu za mpira, na miwani au kioo cha uso wakati wa kuosha. Glovu nene za ngozi ni za wakati wa kukamata, lakini zisimpe mtu ujasiri. Meno ya mbwa mkubwa huzipenya. Kamata kwa fimbo yenye kitanzi, watu wawili, mmoja akishika na mwingine akifungua milango. Mgeni asiruhusiwe kugusa mnyama, akiwemo mwenye mbwa. Hapa wahudumu hulegea kwa huruma: mwenye mbwa huja na nyama, mbwa humlamba mikono, na mkono una mchubuko wa jembe.

Siku ya kupokea

Mnyama aje ndani ya kreti au amefungwa mdomo, hasa wa kundi la pili na la tatu. Kabla hujamshusha, uliza na uandike: ameumwa au ameuma lini, wapi mwilini, na nani, yule mnyama mwingine yuko wapi sasa, nani mwingine, mtu au mnyama, aliguswa na mate ya huyu tangu siku hiyo. Swali hili la mwisho huleta majibu ambayo hukutarajia, kama ng'ombe aliyeng'atwa pua au mtoto aliyeficha kidonda asichapwe. Majina hayo yapelekwe siku hiyo hiyo kwa afisa mifugo na kituo cha afya. Kichaa ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria. Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003.

Soma chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi kama ipo, au piga picha mbili, ubavu na uso. Mbwa wa kahawia hufanana, na mbwa waliobadilishana majina huvuruga hesabu ya siku ya wote wawili.

Kisha chanja, isipokuwa kundi la pili. Chanjo hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kipimo cha kawaida ni mililita 1 chini ya ngozi au kwenye msuli, kama lebo inavyosema. Mbwa aliyechanjwa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa na kinga baada ya siku 28, si siku hiyo. Watoto walio chini ya miezi 3 nao wachanjwe, kisha warudiwe wakifika wiki 12, kwa kuwa kinga waliyopata kwa mama inaweza kudhoofisha chanjo ya mapema. Elewa vizuri kazi ya chanjo hii: inamlinda mbwa asiambukizwe na jirani akiwa humo ndani. Haiahidi kusimamisha virusi vilivyoingia wiki iliyopita. Anayefupisha karantini kwa sababu "amekwisha chomwa" anachanganya mambo haya mawili.

Mzunguko wa kila siku

Kazi ianzie kwa wasafiri, ifuate waliouma, kisha walioumwa, na banda la kutengwa liwe la mwisho kabisa. Mhudumu akishafika huko harudi nyuma bila kubadili glovu na aproni na kuosha gambuti. Wakiwa wahudumu wawili, mmoja abaki na wasafiri tu.

Asubuhi na jioni, kabla ya kutoa chakula, pita bila ndoo mkononi. Simama mbele ya kila banda dakika nzima. Ukija na chakula mbwa wote huchangamka na dalili hujificha. Andika kwa kila mmoja: ameamka, anatembea vipi, sauti ikoje, amemaliza chakula cha jana, anameza, mate, na jinsi anavyokuitikia. Neno "mzima" pekee lisikubaliwe kwenye rejesta. Miezi minne ya "mzima, mzima, mzima" haimsaidii daktari chochote.

Usafi una mpangilio wake. Mfungie mbwa upande wa pili kwa bamba. Zoa kinyesi kwa koleo. Osha kwa maji na sabuni ya unga, sugua, suuza. Ndipo upake klorini. Ukiruka sabuni, uchafu hula klorini na hakuna kinachouawa. Jiki ya dukani mara nyingi ni asilimia 3.5, ila soma lebo. Ikiwa ndivyo, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji hukupa asilimia 0.5. Kwa ndoo, ni lita moja na nusu ya jiki na lita 9 za maji. Changanya asubuhi ya siku hiyo, weka kivulini, acha sakafuni dakika 10, suuza, kausha, kisha mruhusu mbwa. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi inayochoma mapafu. Dawa za sakafu zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji, huwadhuru paka. Na usimpulizie maji ya mpira mbwa aliye ndani: unarusha mate yake ukutani, usoni pako na kwa jirani.

Mifupa, midoli na matandiko yenye mate mabichi hayahami kutoka banda moja kwenda jingine. Hakuna kutembezwa kwa kamba kwa makundi ya pili na ya tatu. Dawa ya minyoo ifichwe kwenye nyama. Mtu asifungue mdomo wa mbwa kwa vidole.

Dalili, na zile zinazodanganya

Picha waliyo nayo watu ni mbwa anayetoka povu na kukimbiza kila mtu. Yupo, lakini yule wa kimya ndiye huumiza wahudumu. Huanza kwa mabadiliko ya tabia: mpole hununa, mkali ghafla hutaka kubembelezwa, mbwa hujificha gizani au hung'ata hewa kama anakamata nzi. Hula mawe, mbao na matandiko yake. Kubweka kwake hugeuka mkwaruzo wa ajabu unaoishia juu. Miguu ya nyuma huyumba. Taya la chini huanguka, ulimi hutoka, mate hutiririka, hamezi.

Taya hilo ndilo mtego. Anayeliona husema mbwa kakwama mfupa kooni na kuingiza mkono kuutoa. Katika karantini iwe marufuku: mbwa yeyote anayeonekana kukabwa ni mshukiwa wa kichaa hadi daktari aseme vinginevyo.

Pia achaneni na ile kauli kwamba mbwa anayekunywa maji hana kichaa. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mgonjwa hujaribu kunywa, hushindwa kumeza, na huacha bakuli limejaa mate. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, nao huleta kuyumba na mitetemo, lakini kutofautisha si kazi ya mhudumu. Kazi yake ni kufunga bamba, kuweka kufuli na kupiga simu.

Mtu akiumwa au kurukiwa na mate

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa ya ukutani. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo bomba na sabuni viwe ndani ya ushoroba, si nyuma ya ofisi. Macho yaoshwe kwa maji safi tu. Kisha paka kidonda povidoni ayodini au spiriti. Usitie pilipili, tumbaku, mafuta ya taa wala maji ya betri, na kidonda kisishonwe haraka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Asiyewahi kuchanjwa hupewa sindano kwa ratiba mojawapo ya Shirika la Afya Duniani: kwenye ngozi sehemu mbili siku 0, 3 na 7; au kwenye msuli siku 0, 3, 7 na moja kati ya siku ya 14 na ya 28. Ngozi ikiwa imetoboka, seramu ya kinga hudungwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe. Seramu isipopatikana leo, chanjo isisubiri. Seramu bado inafaa hadi siku ya 7 tangu sindano ya kwanza. Aliyekuwa na kinga ya kazini hupata nyongeza siku 0 na 3, bila seramu. Binadamu akishaonyesha dalili hakuna tiba.

Wanyama wakigusana kwa bahati mbaya

Mlango huachwa wazi, bamba hukwama, mbwa wawili hupambana ushorobani. Tenganisha kwa maji ya mpira, kwa kelele au kwa ubao uliopitishwa katikati yao. Mkono usishike kola. Osha vidonda vya wanyama ukiwa na glovu na miwani, waangalie tena kadi, chanja aliyekuwa hajachanjwa, na fungua ukurasa mpya wa rejesta.

Kisha fanya jambo linalochukiwa: saa ianze upya. Msafiri aliyeng'atwa na mbwa wa kundi la tatu si msafiri tena. Amekuwa wa kundi la tatu, na siku zake zinahesabiwa kutoka leo, hata kama ndege yake ilikuwa kesho. Mwambie mwenye mbwa siku hiyo hiyo na kwa maandishi. Kituo kinachoficha tukio ili kukwepa lawama ndicho hutoa mbwa kama yule wa Camberley.

Kama mbwa wa karantini amethibitika kuwa na kichaa, rudi nyuma siku 10 kabla ya dalili zake za kwanza na uorodheshe kila mtu na kila mnyama aliyeweza kufikiwa na mate yake. Hapa ndipo kuta ulizojenga zinalipa. Zikiwa nzima na rejesta ikiwa safi, orodha huwa fupi. Kukiwa na wavu wa pamoja, kituo kizima huingia karantini upya, na hakuna anayeingia wala kutoka.

Mshukiwa akifa au akiuawa

Kichaa huthibitishwa kwenye ubongo. Kwa hiyo asipigwe risasi ya kichwa wala rungu; daktari atumie sindano. Usimzike kwa haraka ukapoteza jibu ambalo watu waliong'atwa wanalisubiri.

Anayekata kichwa awe amechanjwa, avae glovu mbili na kioo cha uso, akate kwa kisu kwenye kiungo cha shingo. Asitumie msumeno wa umeme, unarusha chembe. Wenye mafunzo huweza kuchukua sampuli kwa mrija kupitia tundu la nyuma ya fuvu bila kulipasua. Weka kichwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, kisha kwenye boksi la barafu, pamoja na fomu iliyofungwa nje kwenye mfuko wake usilowe. Kiwe baridi bila kugandishwa, na usitie formalini, maana inavuruga kipimo cha kawaida cha maabara, kile kinachotumia kingamwili zinazong'aa kuonyesha virusi. Tanzania sampuli hupokelewa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke; Kenya ni maabara kuu za mifugo za Kabete. Vipimo vya haraka vya kiganjani vinapatikana, lakini kikisema "hapana" kisimwachishe mtu chanjo. Subiri maabara.

Mzoga uchomwe moto au ufukiwe kina cha mita 2, mbali na kisima, chokaa juu yake, pasipo mbwa wa mtaani kufukua. Banda lioshwe kwa sabuni, klorini, na liachwe likauke kwa siku kadhaa jua likiingia. Kwa kichaa peke yake muda huo ni mrefu kuliko unaohitajika, ila mafundi hupata nafasi ya kukagua wavu na reli.

Kumtoa

Anayetoa ruhusa ni daktari wa mifugo aliyemkagua mnyama siku hiyo, si mtunza rejesta aliyehesabu siku. Daktari asome rejesta yote, aangalie kama kuna ukurasa uliochanika au siku zisizoandikwa. Siku tatu tupu katikati ya karantini zinatosha kumzuia mnyama hadi zitolewe maelezo. Hesabu ya kundi la tatu ianze siku ya mguso wa mwisho unaojulikana, na isipojulikana, ianze siku aliyoingia. Aliyemaliza siku 10 za uangalizi achanjwe kabla ya kuvuka geti.

Karatasi ya kutoka itaje namba ya chipu au alama za mnyama, tarehe ya kuingia na kutoka, kundi lake, chanjo na namba ya toleo lake, na tarehe ya chanjo ijayo. Nakala moja ibaki kituoni, nyingine iende kwa afisa mifugo wa kata au kaunti anakokwenda mbwa. Mwenye mbwa aelezwe kwa mdomo dalili za kuangalia na namba ya simu ya kupiga, kwa kuwa wachache huugua baada ya kutoka, na wa kwanza kuona kubweka kulikobadilika atakuwa yeye au watoto wake.